Albamu ya Nebraska: ni ya wahalifu au ya watu wa kawaida?

Swali
Ndugu zangu, nimeisikiliza Nebraska ya mwanamuziki Mmarekani Bruce Springsteen, iliyotoka mwaka 1982, nami najiuliza: inazungumzia kweli maisha ya kila siku, au ni wauaji watupu?

Jibu la kwanza
Usiishie kwenye wimbo wa kwanza, ndugu. Sikiliza ule wa gari lililokwishatumika: baba analijaribu, na mama anachezea pete yake ya ndoa huku akimtazama muuzaji anavyoikodolea macho mikono ya mumewe. Hakuna anayeuawa pale, lakini fedheha ya kukosa pesa inamkaa mtoto anayesimulia.

Jibu la pili
Hata yule anayeua katika wimbo mwingine amepoteza kazi kwanza, baada ya kiwanda cha magari cha Mahwah, New Jersey, kufungwa. Na Ford ilikifunga kweli kiwanda chake cha huko mwaka 1980. Sauti nayo inachangia, kwa kuwa Springsteen alirekodi nyumbani kwa kinasa sauti cha kaseti, akikusudia ziwe nyimbo za majaribio tu, na bendi ilipozirudia studioni (mimi sishangai) ule upweke ukapotea.

Muuliza swali
Ahsanteni. Wimbo wa gari nilikuwa nikiuruka, nikiudhania mwepesi.