Njia ya kupita ndani ya kihamba cha jirani: iandikwe vipi kabla hajauza?

Mwana wa Uru

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu jambo la nyumbani kwetu Uru, Moshi Vijijini.

Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo lenye makazi, kiko chini ya kihamba cha jirani yetu, mzee aliyesikilizana sana na marehemu baba, na njia yetu ya kutoka barabara ya kijiji inapita ndani ya ardhi yake, kando ya mfereji, hadi uani kwetu. Hakuna karatasi iliyowahi kuandikwa. Baba aliomba, mzee akaridhia, masale, mimea yetu ya mpaka, yakapandwa pande zote mbili, na hadi leo tunapita. Sasa mzee anagawa kihamba chake: sehemu ya juu inayogusa barabara, kama mita 40 kwa 50, anamuuzia mtu anayeishi Dar es Salaam, na sehemu ya chini yenye nyumba yake anabaki nayo. Kwa hiyo mauzo yakikamilika, hata mzee mwenyewe atakuwa anapita kwa mwenzake.

Mnunuzi ni mtu mstaarabu, lakini ametamka wazi kwamba atajenga ukuta. Njia ya sasa inatosha pikipiki na mtu aliyejitwisha mkungu wa ndizi, gari haliingii. Tungependa ipanuliwe wakati huu huu. Je, upana unaofaa ni upi, nani abebe gharama ya ardhi itakayomegwa, na je, barua ya mtendaji wa kijiji inatosha? Mzee anasema tusiwe na wasiwasi, tutaachiwa tu. Siwezi kubishana naye kwa kuwa ni sawa na baba yangu, ila usingizi sipati.

Sheria Arusha

Pole, ndugu, lakini umeuliza kwa wakati. Leo mzee bado anamiliki ardhi yote, kwa hiyo anaweza kuamua anauza nini na anabakiza nini. Akishasaini na kupokea fedha bila kutaja njia, atakuwa mwombaji kama ninyi. Mwelezeni hilo kwa upole, kwamba mnalinda mlango wake kabla ya wenu, na nadhani atalipokea vizuri kuliko mkija kama watu wasiomwamini mgeni wake.

Mlichonacho sasa ni ruhusa. Wengi huamini kwamba aliyepita mahali kwa miaka 12 amekwisha kuwa na haki, lakini miaka hiyo 12 ni ukomo wa kufungua shauri la kudai ardhi, na mahakama zetu zimeshikilia kwa muda mrefu kwamba aliyekaribishwa hawezi kumgeuka aliyemkaribisha. Baba yako aliomba akapewa, jambo ambalo ni heshima kwake na kwa mzee, ila ni msingi dhaifu wa kusimama nao mbele ya mnunuzi ambaye hakuwapo.

Mnachohitaji ni haki ya njia inayoambatana na ardhi yenyewe, ili mzee akifariki, mnunuzi akiuza au ninyi mkigawana, njia ibaki. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, ina sehemu inayoshughulikia haki za namna hii, na kwa ardhi ya kijiji mtaisoma pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huo huo, ambayo pia inataka uhamisho wa ardhi kama huu upate idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Andikeni hati moja inayotaja ardhi inayobeba njia, ardhi zinazonufaika, mahali njia inapoanzia na inapoishia, upana wake, matumizi yake, na kwamba inawafunga warithi na wanunuzi wote watakaofuata. Mchoro uambatishwe. Matumizi myataje moja moja: kupita kwa miguu, kwa gari, kulaza bomba la maji chini, kupitisha waya za umeme juu. Nimeona familia iliyokuwa na haki ya kupita ikazuiwa kuchimba mtaro wa bomba, kwa sababu hati yao ilisema "kupita" tu.

Kuhusu barua ya mtendaji, ni ushahidi mzuri lakini isisimame peke yake. Masharti ya njia yaingizwe ndani ya mkataba wa mauzo, mnunuzi ayasaini, mke wa mzee naye aridhie kwa maandishi, na muhtasari wa kikao cha Halmashauri ya Kijiji kilichoidhinisha mauzo uitaje njia kwa vipimo. Mnunuzi akiomba hati ya hakimiliki ya kimila baadaye, mchoro wake uwe unaonyesha njia ile ile.

Mpima wa Moshi

Naongeza vipimo tu. Kirikuu, gari dogo la mizigo, hupita kwenye mita mbili na nusu bila shida, lakini siku ya kujenga mtaleta Fuso la mchanga na matofali, na hilo likishaweka vioo vyake linahitaji karibu mita tatu za wazi. Ukiongeza mtaro wa maji upande mmoja, mita 4 ndicho kiwango cha chini ambacho ningemshauri mteja wangu. Kwenye kipande cha mnunuzi, mita 4 mara 50 ni mita za mraba 200, yaani sehemu ya kumi ya eneo lake lote la 2,000. Si kidogo, na ndiyo maana suala la bei halikwepeki: ama mnunuzi apunguziwe, ama ninyi mchangie pengo hilo kwa mzee. Kwa haki, naona mchangie, kwa kuwa gari litakaloanza kupita ni lenu.

Masale yana heshima yake na yasing'olewe ovyo, lakini isale hutanuka kila mwaka na kuwa kichaka, na miaka 15 baadaye watu hubishana kama mpaka uko kwenye shina la kwanza au kwenye majani ya nje. Wekeni mawe ya mpaka ya zege pembe zote za njia, kisha masale yabaki pembeni kama mashahidi. Mfereji nao upimwe na kuonyeshwa kwenye mchoro. Njia isiukalie, kwa sababu wanaohusika na zamu za maji lazima wafike kuuzibua, na tairi la lori likibomoa ukingo wake mtakuwa na ugomvi na kitongoji kizima.

Mama Marangu

Wanangu, mmesema vizuri, lakini mimi sikubaliani na njia ya watu binafsi ndani ya ardhi ya mtu. Sisi wa mlimani tunazika kihambani. Siku ya msiba hawapiti watu watatu mlioandika kwenye hati. Linapita jeneza, kwaya, turubai, sufuria na nusu ya parokia. Mwenye ukuta atasimama getini aulize nani yumo kwenye mkataba? Halafu huyo kijana hajasema ndugu zake ni wangapi. Leo chini kuna nyumba mbili, lakini wakigawana zitakuwa tano au sita, na kila mmoja atadai gari lake lifike mlangoni.

Mimi ningemwomba mzee amege kipande cha njia kabisa kabla ya kuuza, akikabidhi kwa kijiji kiwe njia ya wote. Mnunuzi auziwe kilichobaki, ajenge ukuta wake hadi ukingoni, na asiwe na neno na mtu.

Sheria Arusha

Mama, shikamoo. Hoja ya msiba ni nzito na ilinipita. Njia uliyoitaja inawezekana: kipande kikikabidhiwa, kiingizwe katika kumbukumbu za kijiji kama ardhi ya matumizi ya pamoja, na jambo hilo lipelekwe hadi Mkutano Mkuu wa Kijiji, lisiishie mezani kwa mwenyekiti.

Hofu yangu ni mbili. Ardhi ikishakuwa ya wote, mzee hawezi kuirudisha hata familia zote za chini zikihama, na kwa kuwa njia hii inaishia uani kwa watu, mifugo na wapita njia watakuwa na haki ya kufika hapo hapo. Kwa nyumba mbili ningeshikilia haki ya njia iliyoandikwa, nikiongeza kwamba wanaoruhusiwa ni wakazi, wageni wao na waombolezaji, na kwamba pasiwekwe geti la kufungwa. Kwa nyumba sita, Mama ameshinda.

Mkazi wa Akheri

Hilo la geti msilipite haraka. Kwetu upande wa Meru jirani aliweka geti "kwa usalama" akatupa ufunguo mmoja, familia nne. Mkataba wetu ulikuwa kimya. Tulianzia Baraza la Ardhi la Kijiji, tukaenda la Kata ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu na haliamui, tukashindwa kupatana, na sasa tuko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Miaka inakwenda.

Andikeni pia nani anatengeneza njia. Kwenye mteremko, masika moja yasiyo na mtaro hugeuza barabara ya udongo kuwa korongo, na hapo kila mtu husema mwenzake ndiye mwenye gari. Sisi tungeandika mapema kwamba wenye magari wanachangia moramu na wote wanachimba mitaro, tungepunguza nusu ya maneno.

Mwana wa Uru

Nawashukuru nyote, Mama, shikamoo. Nimeongea na mzee leo jioni, na aliposikia kwamba yeye mwenyewe atakuwa ndani ya ukuta wa mtu, alinyamaza kisha akaniambia niite mpima kabla ya malipo. Sisi tuko ndugu wanne, kwa hiyo nyumba zitaongezeka, na nimependekeza kipande cha mita 4 kimegwe kutoka barabarani hadi kwenye mpaka wetu, kikabidhiwe kijiji, nasi tumfidie mzee kwa bei ile ile anayomuuzia mnunuzi. Mnunuzi amejibu kwa simu kwamba anakubali ikiwa bei yake itahesabiwa kwa eneo linalobaki. Swali langu la mwisho: fedha zetu zilipwe kabla au baada ya kikao cha kijiji?

Sheria Arusha

Baada. Sainini makubaliano sasa, fedha zikabidhiwe muhtasari ukishapigwa muhuri na mawe ya mpaka yakishasimama, na mnunuzi naye asilipe kilichobaki kabla ya siku hiyo.