Revolva ya .357 kulishwa risasi za .38: naomba ushauri

Wadau, hamjambo. Niko Nairobi, nina cheti halali cha silaha, na revolva yangu (bastola yenye silinda inayozunguka) ni ya risasi za .357 Magnum. Risasi zake bei imenishinda, na mshindo wake, acha tu! Kila nikitoka kulenga shabaha mkono unauma hadi kesho yake.

Mzee mmoja pale uwanjani kaniambia nitumie .38 Special. Nilidhani ananitania, kumbe ni kweli: kichwa cha risasi kina kipenyo kilekile, inchi 0.357, ila ganda la .38 ni fupi kwa milimita 3 na ushee. Magnum ilirefushwa hivyo miaka ya 1930 makusudi isiingie kwenye revolva dhaifu za .38. Kwa hiyo kinyume chake ni hatari, hilo nimeelewa.

Swali langu: lile ganda fupi huacha pete ya masizi ndani ya silinda, halafu Magnum zinakwama. Mnaisugua na nini? Brashi ya shaba yatosha? Tena, cheti changu kimetaja risasi za .357 pekee. Aliyewahi kuongezewa aina ya pili kwenye cheti anieleze alivyofanya, maana sinunui hata moja kabla ya hapo.