Gemu ya Lord of the Rings kwenye mabanda ya Moshi: watoto waachwe wacheze au izuiwe?

Mshare Mbivu (mleta mada)
Wakuu, habari za Jumapili. Huku Pasua kuna kijana ana banda la gemu, ameleta The Return of the King ya PlayStation 2, ile iliyotokana na filamu ya tatu ya Lord of the Rings. Watoto wameacha mpira, wanajazana hapo hadi mlangoni. Sasa wazazi wamemfuata aiondoe, eti ina wachawi na mizimu. Mimi nasema aachwe. Gemu ya mpira mtoto anacheza ili amfunge mwenzake, na mwisho wake ni matusi na kunyang'anyana pedi za kuchezea. Hii wanaweza kucheza wawili upande mmoja, mmoja akizingirwa mwenzake anakimbilia kumsaidia. Kuna pale juu ya ukuta wa Minas Tirith, mji wa kwenye hadithi, wewe ndiye Gandalf, yule mchawi mzee mwenye fimbo. Maadui wanaegesha ngazi, usipoziwahi kwa teke wanajaa ukutani. Aliyeshika pedi anapigana, wenzake nyuma wanampigia kelele: "Ngazi kulia! Nyingine hiyo!" Banda zima linakuwa timu moja. Nani aliwafundisha hivyo nyumbani kwao? Nawasilisha.

Mama Watatu
Kaka, ungeishia kwenye ngazi ningekuelewa. Hilo la "nyumbani kwao" limetoka wapi? Mimi saa kumi na moja alfajiri niko njiani kwenda sokoni Mbuyuni kutafuta ada na mboga. Watoto wangu wanafundishwa. Wanaamkia, wanaosha vyombo, wanasaidiana. Usimtukane mzazi ili utetee banda la mtu.
Na kuhusu hiyo gemu, kuna sehemu jeshi la wafu linatoka kwenye pango. Wa mwisho wangu siku hizi hataki taa izimwe. Wewe ndiye unakuja kulala naye?

Mshare Mbivu
Dada yangu, sikukulenga wewe. Nimesema kwa ujumla.

Mama Watatu
Kwa ujumla ni sisi.

Fundi Redio, Kaloleni Arusha
Poleni majirani. Mnagombania kivuli. Gemu za filamu ni mabaki: filamu ikishauza, wanakamua na gemu. Mtoto aone filamu kwanza ajue Aragorn ni nani na ile pete ina shida gani, ndipo ashike pedi. Hao wa Pasua wanakata panga bila kujua wanampigania nani. Na hata mnaosema mmeiona, wengi wenu mliona ile ya kutafsiriwa, DJ anaongea Kiswahili juu yake mwanzo mwisho. Hiyo hamjaiona.

Kijana wa Njoro
Fundi, tuanze na mabaki. Gemu ya The Two Towers, iliyoitangulia hii, ilitoka Oktoba 2002, filamu yake ikaja Desemba. Hii ya The Return of the King ilitoka Novemba 2003, filamu Desemba tena. Kuna watu duniani walimaliza gemu kabla hawajaona filamu! Tena ilivyotengenezwa ndiyo raha yake: kinaenda kipande cha filamu yenyewe, halafu bila kukatika picha inageuka na wewe ndiye umeshika upanga. Sauti ya Gandalf ni ya Ian McKellen mwenyewe. Mabaki gani hayo?
Ila lililoniuma ni la kutafsiriwa. Rudia hapa tukusikie vizuri.

Fundi Redio, Kaloleni Arusha
Narudia. Mwongozaji Peter Jackson alipeleka watu New Zealand, filamu ya tatu ikachukua Oscar 11, halafu mtu aje aweke sauti yake juu ya ile muziki yote? Huo ni uharibifu. Tarehe za gemu hazibadilishi hilo.

Kijana wa Njoro
Umeambiwa tarehe umehamia Oscar. Sawa.

Meru Kaskazini
Naomba niulize. Kule Marekani gemu hii iliwekewa alama ya kuanzia miaka 13. Hilo banda linaruhusu wa umri gani? Mimi ningeanzia hapo, wakubwa wacheze, wadogo wasiingie.

Ndafu ya Kibosho
Fundi, sisi tulikaa kwenye vibanda vya video, mabenchi ya mbao, bibi zetu wasiojua yes wala no wamekaa mbele. Akina Lufufu, wale ma-DJ wa kutafsiri, waliwapa filamu wazee ambao wenye sinema hawakuwahi kuwafikiria. Bibi yangu alilia kwenye filamu za vita za kutafsiriwa. Unataka kuniambia alilia kitu ambacho hakukiona? Mtu wa Arusha akishaishi karibu na watalii anadhani Kiingereza kilizaliwa mtaani kwao Sakina.

Fundi Redio, Kaloleni Arusha
Bibi yako namheshimu. La Sakina ungeliacha. Arusha tunajifunza Kiingereza kwa sababu tunafanya kazi nacho, hatujionyeshi.

Mzee wa Parokia
Wanangu, mnabishana lugha na uchawi mmeuacha unapita. Mtoto asizoeshwe kushika fimbo ya mchawi, hata kwa mchezo.

Kijana wa Njoro
Shikamoo mzee. Aliyetunga hadithi hiyo, Tolkien, alizaliwa hapa hapa Afrika, Bloemfontein, mwaka 1892, na alikuwa Mkatoliki wa kusali hasa. Katika hadithi yake anayeng'ang'ania nguvu za giza ndiye anayeangamia. Sioni tunachoogopa.

Mzee wa Parokia
Marahaba. Kusali kwake ni kwake. Mimi nazungumzia wajukuu zangu.

Mshare Mbivu
Jamani, mada ni banda. Kijana kapewa hadi Ijumaa. Meru Kaskazini ameuliza jambo la maana na hakuna aliyemjibu: pale anaingia yeyote mwenye mia tano. Mimi niko tayari kwenda kumwambia aweke umri. Mama Watatu, twende wote?

Mama Watatu
Kwanza ufute lile la nyumbani kwao.

Ndafu ya Kibosho
Na Fundi atujibu, mtoto wa Pasua asiyejua Kiingereza, hiyo filamu unayotaka aione kwanza ataielewa kwa nani kama si kwa huyo DJ unayemkataa?

Fundi Redio, Kaloleni Arusha
Asome maandishi ya chini.

Ndafu ya Kibosho
Ya Kiswahili yako wapi? Tuletee.