Tupeane uzoefu: siku mikono ilipogoma katikati ya sparingi

Mpaka Rangi
Jana nilikuwa napaka rangi dari ya chumba cha watoto. Dakika kumi tu mabega yakawaka moto, brashi ikaanza kucheza yenyewe. Nikacheka peke yangu juu ya ngazi, maana nilikumbuka sparingi yangu ya kwanza, yaani pambano la mazoezi ya ndondi, Manzese, 2011.

Nilikuwa na miezi minne ya kupiga gunia, najiona bondia kamili. Mwalimu akanivisha glavu za aunsi 16, akanipanga na kijana mmoja mbeba mizigo sokoni, mwembamba, nimemzidi kama kilo kumi. Dakika ya kwanza nikarusha ngumi zote nilizojaliwa na Mungu. Ya pili nashangaa mikono iko usawa wa kitovu. Naiambia panda, haipandi. Yule bwana wala hakunipiga sana, alikuwa ananigusagusa paji la uso kama anabisha hodi.

Kwenye daladala ya kurudi sikuweza kushika bomba la juu. Konda anapiga kelele "braza shika bomba," na mimi nimemwegemea mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa, naomba radhi kila tukifunga breki. Usiku ugali niliulia chini, mdomo ndiyo uliofuata mkono.

Mliopitia haya leteni visa. Na semeni mlifanyaje mpaka mikono ikakubali.

Kitunguu Swaumu
Mdomo ukafuata mkono 😂😂 Nimepita hapo hapo mkuu.

Bint Tandale
Mimi nilidhani mikono, kumbe pumzi. Nilikuwa naibana kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mwalimu akanilazimisha kuhesabu kwa sauti kila ngumi, moja, mbili, tatu, jimu nzima inanisikia. Aibu, lakini mtu anayehesabu hawezi kubana pumzi. Wiki ya pili nikaona raundi imefupika.

Fundi Springi
Acheni kuzunguka. Shika vyuma vya kilo moja moja, piga shado, yaani ngumi za hewani bila mpinzani, raundi tatu kila asubuhi. Ukivua vyuma mkono unakuwa unyoya.

Mzee wa Kona
Fundi, hapo unampoteza mtoto wa watu. Chuma kinavuta chini, ngumi inakwenda mbele. Utakachokomaza ni bega la kuinua ndoo, na kiwiko utakiharibu ukirusha kwa kasi. Shado ipigwe mikono mitupu. Uzito upo kwenye glavu zenyewe: aunsi 16 ni karibu nusu kilo kila mkono, piga nazo gunia.

Fundi Springi
Mzee mimi nimefanya miaka mitano, kiwiko kizima.

Mzee wa Kona
Na wapo wanaovuta sigara miaka 50.

Kitunguu Swaumu
Jamani ☕

Shemeji Mtarajiwa
Sikutaka kuandika lakini hii mada imenigusa kidonda.

Nilikuwa namchumbia dada mmoja, Temeke. Kaka yake ni bondia, na tunafanya mazoezi jimu moja. Sikujua kwamba anajua. Ijumaa moja mwalimu hayupo, jamaa ananiita kwa upole kabisa, "Njoo tucheze raundi tatu, nyepesi tu."

Nyepesi gani. Raundi ya kwanza kanifukuza kona zote nne, na mimi kwa hofu nimekunja ngumi kwa nguvu mwanzo mwisho, hata nisipopiga. Ya pili vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu. Gadi, ile mikono ya kukinga uso, ikashuka, kidevu kiko nje kama sanduku la kura. Nikaona bora nimkumbatie. Nimemng'ang'ania, jasho lake linaniingia machoni, nasikia sikioni ananong'ona: "Barua ya posa inakuja lini?"

Wallahi. Nikasema, "Mwezi ujao, shemeji." Akanisukuma, akanipiga jebu mbili za tumbo, akaniambia, "Nyanyua mikono, mahari haibebwi na mikono mifu."

Raundi ya tatu siikumbuki. Nakumbuka nimekaa kwenye benchi na mtoto mdogo ananifungua kamba za glavu kwa meno.

Bint Tandale
SUBIRI. Barua ilikwenda au haikwenda??

Kitunguu Swaumu
Mambo ya mikono tuweke pembeni kwanza. Barua!

Wa Kariobangi
Huyo shemeji anafaa kuwa kocha 😂 Lakini nyinyi wa Dar mnaongea sana. Huku Nairobi tuna dhahabu ya Olimpiki ya ndondi, Robert Wangila, Seoul 1988. Nyinyi mna ngazi na rangi.

Mtoto wa Keko
Titus Simba alileta fedha ya Jumuiya ya Madola toka Edinburgh 1970, usitusahau. Na bondia wetu Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham 2018 akamsimamisha Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili, kwao, mbele ya watu wao.

Wa Kariobangi
Hata Wangila fainali aliimaliza raundi ya pili. Mfaransa alilala.

Kitunguu Swaumu
Basi dawa imepatikana. Maliza raundi ya pili, mikono haitapata nafasi ya kuchoka.

Mzee wa Kona
Mnacheka, ila ukitaka kuona mikono inavyokufa mtazame George Foreman akipigana na Muhammad Ali pale Kinshasa, 1974. Mtu ana mapambano 40, hajapoteza hata moja, 37 kamaliza kwa KO. Ali kaegemea kamba, kafunika uso, anaacha apigwe mikono na mbavu. Tazama ngumi za Foreman raundi ya sita, ya saba: zinatoka begani tu, nyonga imelala, anasukuma badala ya kupiga. Ya nane akaangushwa.

Mtoto wa Keko
Kamba zililegea mzee, hilo mbona huligusi?

Mzee wa Kona
Zililegea, sawa. Nani alimwambia arushe ngumi zote kubwa kubwa?

Mpaka Rangi, ugonjwa wako ndio huo huo. Ngumi ya mkono peke yake, bila mwili, inamaliza mkono. Sukuma kwa mguu wa nyuma, zungusha nyonga, mkono ufuate. Na ngumi iwe imelegea, uikaze pale inapogusa tu. Mimi vijana wangu nilikuwa nawapa risiti ya dukani, unaikunja kiganjani unapiga shado raundi nzima. Ikitoka imebanwa kama kidonge, unarudia.

Fundi Springi
Risiti siyo chuma?

Mzee wa Kona
Toka hapa.

Mpaka Rangi
Kilichonisaidia mimi: gunia raundi za dakika tatu, na kila raundi sekunde 30 za mwisho narusha ngumi nyepesi za moja kwa moja bila kusimama, mikono ikirudi shavuni kila mara. Nilianza na raundi mbili, baada ya kama miezi miwili nikafika sita. Sparingi nikaomba wenzangu wa kupiga taratibu kwanza. Ile ya kumpanga mtu mpya na mbabe siku ya kwanza siyo mafunzo, ni maonyesho.

Bint Tandale
Na vidole kufa ganzi angalia bendeji za ndani ya glavu, labda umefunga kama unafunga mzigo wa mkaa. Shemeji, TUNASUBIRI.

Shemeji Mtarajiwa
Ilikwenda. Wiki mbili kabla ya muda. Sasa hivi huyo kaka mtu ananishikia pedi kila Jumamosi, na bado anapiga kichwa changu nikishusha gadi.

Kitunguu Swaumu
🙌🙌 Mahari ilibebwa na mikono gani?

Mwanagenzi wa Mabibo
Samahani wakubwa, bendeji zinafuliwaje? Zangu zimekuwa ngumu kama ubao na mama kasema zisiingie ndani.