Tupeane uzoefu: kufikisha intaneti ya nyumbani kwenye banda au jengo la mbali

mfugaji_kibaha

Habari zenu wakuu.

Naomba tukusanye hapa uzoefu wa waliofikisha intaneti ya nyumbani kwenye jengo lililo mbali na nyumba: banda la mifugo, stoo, chumba cha kijana uani, karakana, chochote kile. Swali hili huulizwa sana na jibu linalotolewa haraka ni "nunua ruta yenye nguvu". Jibu hilo linawamalizia watu hela, na linaniuma kwa sababu nimeona majirani wakilifuata. Kila atakayechangia ataje umbali, kilichopo katikati, alichofunga, na kilivyohimili mvua.

Naanza na langu. Nyumba iko upande wa barabara, banda la kuku wa mayai liko mwisho wa shamba, kama mita 140. Nilihitaji kamera kwa ajili ya wezi, na nione usiku kama taa za vifaranga bado zinawaka.

Ruta kubwa haikuwa dawa, kwa sababu mawasiliano haya ni ya pande mbili. Ruta inaweza kupaza sauti mpaka shambani, lakini kamera au simu iliyoko kule ina antena ndogo, na lazima nayo isikike sebuleni. Ndiyo maana mtu anaona alama za wifi zipo halafu hakuna kinachofunguka.

Nilifunga antena mbili za nje za gigahezi 5, zinazotazamana. Moja iko juu ya nyumba, nyingine kwenye bomba la chuma kando ya banda. Ya nyumbani ndiyo kituo, ya bandani inajiunga nayo, halafu waya mfupi unashuka kwenye ruta ndogo ndani ya banda. Antena za aina hii hutengenezwa kwa masafa ya kilomita, kwa hiyo mita 140 kwake ni karibu sana. Sharti lake ni uwazi, na kuona banda kwa macho peke yake hakutoshi: mawimbi hutanuka katikati ya safari. Kwa umbali wangu, panatakiwa pabaki wazi zaidi kidogo ya mita moja kila upande wa mstari unaounganisha antena hizo. Kuna mwembe pale katikati. Tuliongeza urefu wa bomba na kupunguza matawi, maana majani mabichi yana maji, na maji hunyonya mawimbi. Ukipima kiangazi, fikiria masika.

Angalizo kwa mnaonunua: antena hizi hupokea umeme kupitia waya uleule wa mtandao. Nyingi za bei nafuu ni za volti 24, nyingine za 48. Soma kilichoandikwa kabla ya kuchomeka adapta ya kuazima, la sivyo unaunguza kifaa.

mdau_bukoba

Mkuu, asante kwa uzi huu. Mimi nataka nizungumzie radi, na ninaomba watu wa Kanda ya Ziwa wasome mpaka mwisho.

Umbali wangu ni kama mita 60, kutoka nyumba kubwa hadi stoo ya mazao yenye ofisi ndogo. Fundi alipitisha waya wa shaba, akaufukia vizuri kwenye bomba, na kasi ilikuwa nzuri kweli. Ikaja mvua ya radi. Radi haikupiga nyumba, ilipiga jirani kabisa, lakini ruta, swichi ya mtandao (kiboksi cha kugawa waya wa intaneti) na kompyuta ya stoo vyote vilikufa. Taa na friji vilibaki salama, ndipo nikajua umeme ulipitia kwenye waya wa mtandao.

Sababu yake ni hii: kila jengo lina ethi yake, yaani waya wa umeme unaoingia ardhini. Radi ikipiga ardhi karibu, ethi ya hapa na ya kule huwa na volti tofauti kwa muda mfupi sana, na waya wa shaba unaounganisha majengo mawili unageuka njia ya umeme huo. Kufukia waya hakuzuii jambo hilo. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopata radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo tusijidanganye kwamba ni bahati mbaya.

Sasa natumia faiba. Ni kioo, haipitishi umeme. Nilinunua kipande kilichofungwa vichwa kiwandani, pamoja na viboksi viwili vya kugeuza mwanga kuwa mawasiliano ya kawaida, kimoja kila upande. Ila mkague: faiba nyingi za kuning'iniza zina waya wa chuma wa kubebea uzito, na chuma hicho kinapitisha umeme kama kawaida. Chagua isiyo na chuma. Na usiikunje kwa kona kali, mwanga unapotea. Wifi za kutazamana kama za mfugaji nazo hazina waya wa kuunganisha majengo, ila mlingoti wenyewe uwe na ethi yake.

Nimepitia misimu ya mvua tangu hapo na hakuna kilichoungua.

jirani_kitengela

Kwangu ni nyumba ya mawe na kajumba ka mabati nyuma, kama mita 25. Mabati yanazuia wifi kabisa, ukifunga mlango mtandao unakufa. Nilitumia zile adapta za jozi zinazopitisha intaneti ndani ya nyaya za stima. Zinafanya kazi kwa sababu majengo yote mawili yako kwenye mita moja ya stima. Jirani yangu mwenye mita mbili alijaribu, hazikuonana. Watoto wanasoma vizuri, ila pampu ya maji ikiwaka kasi inashuka.

dada_marangu

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Sisi huku kihambani hatuna uwazi wa kutazamana. Ni migomba, kahawa chini yake, na miti mikubwa juu. Umbali ni mita 80 hivi kutoka nyumba ya wazazi hadi kwangu, na waya ndio uliotufaa. Mwisho wa waya wa mtandao ni mita 100, ukijumlisha na vipande vya mwanzo na mwisho. Zaidi ya hapo weka swichi katikati, au nenda kwenye faiba.

Ninachosisitiza ni aina ya waya. Madukani umejaa ulioandikwa CCA, ambao ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe ndani, ndio huo. Kwa masafa marefu unapoteza nguvu, na ukipitisha umeme wa antena au kamera humo ndipo mambo yanapoharibika. Chukua wa shaba tupu, wenye gamba jeusi la nje linalostahimili jua. Pia weka ndani ya bomba gumu, maana panya wa shambani na jembe la kulimia havibagui.

mpwani_kilifi

Huku chumvi ndiyo adui. Vichwa vya waya vinaota kutu ndani ya miezi michache vikiachwa wazi. Funga kwa utepe wa mpira, na kabla waya haujaingia ukutani uache ulegee chini kidogo, ili maji yadondoke nje yasifuate waya hadi ndani.

mgeni_morogoro

Wakuu, waya umefika, taa za ruta ya pili zinawaka, wifi inaonekana, lakini intaneti mara ipo mara haipo. Fundi anasema waya mbovu.

mfugaji_kibaha

Ndugu, kabla hujafukua waya angalia ruta zenyewe. Huenda zote mbili zina anwani ileile, mfano 192.168.1.1, na zote zinagawa anwani kwa simu. Zinagongana. Ingia kwenye ile ya pili, ibadilishe iwe 192.168.1.2, zima DHCP (ndiyo kazi ya kugawa anwani), kisha waya unaotoka nyumba kubwa uchomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la kuingizia intaneti). Zima zote, washa ya nyumba kubwa kwanza, halafu hiyo ya pili. Ikigoma, tutajie umbali na maandishi yaliyo kwenye gamba la waya.