Mafunzo ya mawasiliano wodini: nianzie wapi?

Muuguzi, Kigoma
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nimepewa jukumu la kuwafundisha wenzangu wa wodi ya watoto namna ya kuwasiliana, saa moja kila Alhamisi, ili tupunguze makosa yanayowadhuru wagonjwa. Linaloniumiza ni tukio la mwezi uliopita. Mtoto alikunywa dozi ya kwanza ya dawa mseto ya malaria mbele yangu saa tano asubuhi, nikamwambia mama yake ampe ya pili baada ya saa nane, nikamuuliza kama ameelewa, akaitikia. Saa nane mchana akampa. Tunashukuru mtoto hakudhurika. Je, nianze na somo lipi?

Mkunga, Tabora
Pole sana, dada. Huyo mama hakukosea hata kidogo, kwa kuwa katika Kiswahili chetu "baada ya saa nane" ni muda wa kusubiri na pia ni saa ya ukutani. Mimi ningeanza hapo hapo. Achaneni na swali la "umeelewa?", maana ni wachache wanaoweza kumjibu "hapana" mtu aliyevaa sare. Semeni: "Mama, hebu nieleze, ukifika nyumbani utampa saa ngapi?" Angekujibu saa nane mchana, nawe ungemrekebisha kabla hajaondoka: saa moja jioni, jua likizama. Na kwa anayekielewa Kiha kuliko Kiswahili, aitwe mwenzenu anayekizungumza, badala ya kumtegemea mtoto wake wa shule atafsiri.

Daktari wa zamu
Naunga mkono, ila kurudia ulichosikia kunatuhusu na sisi kwa sisi. Ninapoagiza dawa kwa simu usiku, kumi na tano na hamsini za Kiingereza zinakaribia kufanana, hivyo muuguzi aandike, anisomee, nami nithibitishe. Kwa taarifa za mgonjwa aliyebadilika ghafla, fundisha mpangilio wa SBAR, uliotokana na nyambizi za jeshi la wanamaji la Marekani: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini yako, na unachoomba kifanyike. Hicho cha mwisho ndicho wauguzi wetu wengi hukimeza kwa heshima, na hapo mgonjwa huchelewa.

Tusidhani haya ni ya ughaibuni tu. Ifakara ilikuwa miongoni mwa sehemu nane zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji, ambayo kabla ya kisu kugusa ngozi humtaka kila mmoja ataje jina na kazi yake. Matokeo ya jumla yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Muuguzi, Kigoma
Nawashukuru sana. Alhamisi hii nitaanza na kurudia maelekezo, tukiigiza kwa pakiti ya dawa mseto mkononi, na nitamwomba mganga mfawidhi awe wa kwanza kusahihishwa na muuguzi mbele yetu sote.