Ushauri wa haraka: timazi ya wanafunzi wangu inatoa 12.1 badala ya 9.8

Mwl_Newala: Wakuu, shikamooni mlionizidi. Nafundisha fizikia kwa kujitolea huku Newala. Wanafunzi wamepima g (mchapuko wa mvutano wa dunia) kwa timazi, yaani jiwe linalobembea kwenye uzi: uzi sentimita 100, nenda-rudi kumi. Makundi yote 12.1! Hili nalo ni kosa la kawaida? Alama nakabidhi kesho, usingizi sina.

Mnachingwea: Newala mko juu, uwanda wa Makonde. Labda mvutano umebadilika?

Fundi_Saa: Ukipanda juu g inapungua, tena kiduchu. Ni kama 9.78 ikweta, 9.83 kwenye ncha. 12 haipo popote duniani.

Mama_Korosho: Wanangu, yalinikuta mizanini. Ghala moja mshale ulikuwa unaanzia chini ya sifuri. Gunia nikalipimisha mara tatu, na mara zote tatu zikapotea kilo mbili zilezile. Kurudia hakukunisaidia kitu, niliondoka nalia.

Fundi_Saa: Pole mama, na ndiyo yenyewe hiyo. Kidole kikichelewa kubonyeza saa ni kama sekunde 0.2. Kwenye sekunde 20 hiyo ni asilimia 1, na g inayumba asilimia 2, maana muda unaingia kwa kipeo cha pili. Yako imeruka asilimia 23, tena makundi yote upande mmoja. Mwalimu, waliandika sekunde ngapi?

Mwl_Newala: Madaftarini ni 20.1.

Fundi_Saa: 20.1 inatoa 9.8 safi kabisa. Hiyo 12.1 imetoka wapi?

Chapakazi_Masasi: Chai hii. Hesabu zenyewe hazikubaliani. Mods fungeni uzi.

Mwl_Newala: Si chai, kaka. Niliwaambia wafute waandike upya. Jibu sahihi linajulikana, nimemuumiza nani? Wangekosa alama bure.

Bibi_Mikindani: Umewafundisha kughushi, mwanangu. Mtoto kaona kwa macho yake, wewe unamwambia hakuona.

Chapakazi_Masasi: Toa basi namba za mwanzo tuamini.

Mwl_Newala: Binti mmoja aligoma kufuta. Daftari lake liko mbele yangu, kaandika kwa wino: 18.1, 18.0, 18.1. Nilimfokea.

Fundi_Saa: Gawa 18.1 kwa 9.

Mwl_Newala: 2.01.

Fundi_Saa: Ni ileile ya 20.1 kwa kumi, basi binti yuko sahihi. Zilikuwa nenda-rudi tisa, na kugawa kwa kumi ndiko kumetoa 12.1. Jiwe lilipoachiwa mlianza "moja" badala ya "sifuri". Nani alikuwa anahesabu?

Mwl_Newala: Mimi. Nilikuwa nawahesabia darasa zima kwa sauti.